Noah ya kukunja viti au Hiace ya kung'oa viti: lipi likufae kwa kulala safarini

Julai iliyopita tuliegesha magari mawili ubavu kwa ubavu kwenye ukingo wa Ziwa Chala, kule Rombo. Moja lilikuwa Noah yangu ya 2004, ile inayopeleka watoto shule hapa Arusha Jumatatu hadi Ijumaa. La pili lilikuwa Hiace ya shemeji yangu wa Moshi, aliyeng'oa viti vyote vya nyuma akajenga kitanda, kabati la jikoni na hata kijisanduku cha viatu. Ilipofika saa mbili usiku yeye alikuwa keshajinyoosha, taa inawaka, mguu juu ya mguu. Mimi nilikuwa nje na tochi mdomoni, natafuta mguu wa nne wa kitanda katikati ya masufuria.

"Shemeji, karibu ndani upate chai," akaniita kupitia dirishani. Nilijua ananicheka.

Jumatatu zamu ikageuka. Nilitoa kitanda kwa robo saa, nikarudisha viti, watoto wakawahi shule. Yeye akapigiwa simu awapokee wageni wanne uwanja wa ndege wa KIA, ikabidi aazime gari la mtu na kulijazia mafuta, kwa sababu lake lilikuwa na kitanda kizuri na viti viwili tu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza namna ya kugeuza gari la abiria liwe la kulala, kempa kama vijana wanavyosema, sianzi na mbao wala godoro. Nauliza kwanza: Jumatatu gari hilo linafanya kazi gani? Akishajibu, mengine yote ni vipimo na pesa.

Nafasi, kwa futikamba

Wengi wanadhani Hiace ni kubwa kuliko Noah kila upande. Nilipima. Hiace ya kizazi cha 200, iliyoanza kutoka mwaka 2004, yenye bodi nyembamba na paa la kawaida, ina upana wa nje wa mita 1.695. Noah yangu nayo ni mita 1.695. Hiyo si bahati nasibu. Japani kuna daraja la magari madogo lenye kikomo cha urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2, na viwanda hubana gari liingie humo lisije likapanda daraja. Kimo cha ndani nacho kinakaribiana: sakafu hadi dari ni mita 1.3 na ushee kwa yote mawili. Ukitaka kusimama uvae suruali, hakuna hata moja litakalokuruhusu. Hiace ya paa la juu inakaribia mita 1.6, na humo pia utasimama kama mtu anayesalimia wakwe.

Tofauti iko kwenye urefu wa sakafu. Hiace ya mizigo ina mita 3 nzima nyuma ya kiti cha dereva. Noah, ukisukuma viti vya mbele hadi mwisho wa reli, inakupa kama mita 1.8 na kidogo. Godoro la dukani la futi 6 lina mita 1.83. Kwa hiyo kwenye Noah godoro linaingia likigusa mlango wa nyuma na migongo ya viti vya mbele, na mtu mrefu analala kwa kukunja magoti au kwa mshazari. Kwenye Hiace unaweka godoro lile lile na unabakiwa na zaidi ya mita moja ya kuweka jiko, maji, na mahali pa kuvulia viatu.

Mita hiyo moja ndiyo unayoinunua ukichagua Hiace. Ukiwa mtu wa kufika kambini, kula nje, kupiga soga hadi usingizi ukushike na kuingia ndani kulala tu, unaweza kuishi bila hiyo. Ukiwa na mtoto mchanga, au mvua ikaanza saa kumi jioni pale Lushoto isikatike hadi asubuhi, mita hiyo utaitafuta kwa machozi.

Upana: kwenye Hiace godoro la 5 kwa 6 linaingia kwa kubanwa kidogo, mradi kitanda kiwe juu ya matao ya magurudumu. Kwenye Noah, kwa sababu ya plastiki za kuta na viegemeo vya mikono, kubali 4 kwa 6. Watu wazima wawili wanaopendana wanatosha. Wakinuniana, hawatoshi.

Kitanda chenyewe

Noah ina njia ya bure ambayo watu wengi wanairuka. Viti vingi vya magari haya ya familia ya Kijapani hulala chali, mstari wa kwanza ukaungana na wa pili. Ondoa vishikio vya kichwa, laza migongo yote, na una kitu kinachofanana na kitanda. Nasema kinachofanana kwa sababu kina milima na mabonde, na bonde kubwa zaidi huangukia kiunoni. Mablanketi mawili ya mtumba kutoka Krokoni, yaliyokunjwa na kujazwa kwenye mabonde, kisha sponji ya inchi 2 juu yake, yanakuvusha usiku mmoja bila fundi yeyote. Kabla hujatumia shilingi kwenye mbao, lala hivyo usiku mmoja uani kwako. Ukiamka na hasira, angalau umejua bila kuharibu gari.

Mimi baada ya majaribio hayo nilitengenezesha mbao tatu za plaiwudi ya milimita 12 zilizounganishwa kwa bawaba, zikikunjwa zinakuwa kama begi kubwa la nguo. Viti vya nyuma kabisa vinabaki nyumbani. Viti vya katikati watoto wanakalia njiani wakiwa wamefunga mikanda, na tukifika navikunja, ubao mmoja unalala juu yake, miwili mingine inasimama kwenye miguu minne ya bomba la mraba. Kasoro yake naisema wazi: kitanda kimepanda hadi karibu nusu mita kutoka sakafuni, kwa hiyo ukikaa kitako kichwa kinagusa dari. Unavaa soksi ukiwa umelala kama unavyovalishwa hospitalini. Faida yake ni kwamba chini yote ni stoo: masanduku mawili ya plastiki, dumu la maji, jiko, viti vya kukunja.

Kazi yote, mbao, bawaba, miguu, sponji na mapazia, ilinichukua chini ya laki saba na wikiendi mbili. Shemeji alishapita milioni mbili na nusu, na ukimuuliza anakwambia bado anamalizia.

Anachokipata yeye ni kitanda kisichotandikwa kila jioni. Usidharau jambo hilo. Robo saa yangu ya kufunga kitanda ni robo saa kwenye siku kavu. Mvua ikinyesha unasimama nje na mlango wa nyuma umeinuliwa, unahamisha masanduku kutoka ndani kwenda chini ya gari, kutoka chini ya gari kwenda kiti cha mbele, na kila kinachoingia kinaingia na tope lake. Safari ya usiku mmoja unavumilia. Safari ya kulala kila siku mahali papya kwa siku nane, Arusha, Same, Lushoto, Pangani na kurudi, ilituchosha hadi mke wangu akasema siku ya tano tulale gesti. Tukalala gesti.

Mbao, na kwa nini kabati la shemeji lilianguka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Kabati la kwanza la shemeji lilitengenezwa na fundi mzuri wa samani za majumbani. Chipbodi nyeupe inayong'aa, milango inafunga kwa sauti laini, ukiiona unasema hili ni jiko la nyumba ya Njiro. Ilikuwa na unene wa milimita 18. Safari ya kwanza, ile barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, kilomita 33 za kona juu ya kona, mlango mmoja ukafunguka na kilo mbili za maharage zikamwagika zikaingia kwenye reli ya mlango wa kuteleza. Mpaka leo ukifungua mlango ule kwa nguvu, utasikia harage moja likisagika. Safari ya pili skrubu za bawaba ziling'oka na vipande vya chipbodi kama meno yaliyooza. Ya tatu kabati lote likalegea ukutani.

Fundi hakukosea kazi yake. Kabati la nyumbani halitetemeshwi. Gari likipita kwenye rasta za lami na kwenye changarawe yenye mikunjo kama bati, kila skrubu inatikiswa maelfu ya mara kwa saa, na chipbodi ni vumbi la mbao na gundi: skrubu ikishachimba tundu lake, haina cha kung'ang'ania. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ina ubaya wake mwingine, ikinywa maji inavimba kama mkate na hairudi.

Halafu kuna uzito. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, milimita 18, ina kama kilo 30 na kitu. MDF ya unene huo huo inakaribia 40. Plaiwudi ya milimita 12 iko kama kilo 21. Shemeji alitumia karatasi nne na nusu. Ongeza godoro, betri, mtungi wa gesi, madumu mawili ya maji ya lita 20, na Hiace imebeba kama watu watatu wazima kabla yeye na mkewe hawajapanda. Hiace haishtuki, imezaliwa kubeba. Noah ukiipakia hivyo inakaa chini nyuma, na kila tuta la barabara ya Moshi linakukwangua tumbo la gari. Kwa hiyo ukiwa na Noah sahau kabati. Masanduku ya plastiki yenye mifuniko ya kubana, yaliyofungwa kwa mkanda, ndiyo kabati lako, na yakivunjika unanunua mengine sokoni Kilombero.

Arusha tuna bahati moja ambayo miji mingi haina. Hapa kuna mafundi ambao kazi yao ya kila siku ni kurefusha Land Cruiser, kukata paa liinuke watalii waone simba, kuvuta waya za soketi na kufunga friji kwenye gari litakalopigwa na njia ya Serengeti. Hao wanajua mtikisiko. Wanatumia bolti, wasa na nati zenye mpira ndani zisizolegea, pale fundi wa samani anapotumia skrubu. Ubaya wao ni kwamba wamezoea bei za kampuni za utalii. Nilichofanya mimi ni kumpa seremala wa Unga Limited akate mbao, kisha fundi wa viti vya magari ya utalii akazifunga. Miguu ya kitanda inakaa kwenye mashimo yale yale ya bolti za viti, hakuna tundu jipya hata moja. Huo ndio ushauri wangu kwa magari yote mawili. Chini ya sakafu kuna tanki la mafuta, mabomba ya breki na waya, na fundi mwenye drili na haraka havioni.

Ukinunua Hiace iliyokuwa kifodi, yaani daladala, kabla hujafikiria kitanda nyanyua zulia la sakafu lote. Maji ya kuoshea gari, matope ya abiria na miaka ya kukaa chini ya mpira usiopumua hula bati kimyakimya. Ya shemeji ilikuwa na tundu la kupitisha kidole karibu na ngazi ya mlango, na laki mbili za kuchomelea hazikuwemo kwenye bajeti.

Hewa, baridi na mbu

Magari yote mawili ni masanduku ya bati, na bati halikuhurumii. Usiku wa Julai Arusha, watu wawili wakilala madirisha yote yamefungwa, asubuhi vioo vinatiririka maji na godoro limelowa upande unaogusa ukuta. Ni pumzi zenu wenyewe. Ukipanda hadi ukingo wa Ngorongoro, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, baridi inazidi mara mbili. Dawa ni kuacha dirisha wazi hata ukiona baridi, pande mbili, ili hewa ipite.

Hiace nyingi zina madirisha ya kuteleza, kwa hiyo unafungua inchi mbili na kuweka neti ndani. Kwa Noah nilimpa fundi cherehani chandarua cha zamani akashona soksi za kuvisha milango ya mbele: unafungua mlango, unaivika juu kama mto, unafunga, kioo kinashuka robo na mbu wanabaki nje. Tulizijaribu Mto wa Mbu, na mji ule haukupewa jina hilo kwa utani. Tulilala.

Shemeji alibandika dari na kuta zake ile foili yenye sponji inayowekwa chini ya bati la nyumba, kisha akafunika kwa kitambaa cha viti. Gari lake kweli ni la joto usiku na halichemki mchana kule Pangani. Kwa Noah yenye dari yake ya kiwandani sioni sababu ya kuifumua. Kata foili kwa umbo la kila kioo, zibandike usiku, zikunje asubuhi.

Kupika

Hiace ina jiko ndani, Noah haina. Kwenye karatasi Hiace imeshinda. Kiuhalisia shemeji alipika ndani mara mbili, godoro likanuka vitunguu wiki nzima, na siku hizi anatoa jiko nje kama mimi. Mlango wa nyuma wa magari yote mawili huinuka juu ukawa kama kibaraza, na hapo chini yake ndipo jikoni halisi. Wa Hiace ni mpana zaidi, unakinga mvua watu wawili na jiko, ila unahitaji nafasi kubwa nyuma kuufungua, jambo unalolikumbuka ukishaegesha kitako kikiwa kimegusa mti.

Mtungi wa kilo 6 unatosha safari nyingi. Kumbuka kwamba gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja haiendi juu, inashuka na kujikusanya sakafuni, pale pale mlipolala. Ukilala, mtungi ulale nje au kwenye kisanduku chenye tundu la kutokea chini ya gari. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata likiwa linafifia, hata kwa kuota moto tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na watu hawaamki.

Umeme

Watu huanza na sola kwa sababu inapendeza juu ya paa. Anza na hesabu. Taa ndogo ya wati 5 kwa saa nne ni wati-saa 20. Simu mbili, tuseme 30. Feni ndogo ya wati 10 usiku kucha, 80. Jumla 130. Betri ya asidi ya 100Ah (ampea-saa 100), volti 12, ina wati-saa 1,200 kwenye maandishi, yaani 100 mara 12, na kwa afya yake usitumie zaidi ya nusu. Mia sita gawa kwa mia na thelathini: usiku nne bila jua hata kidogo. Kwa Noah ya wikiendi huhitaji sola. Mimi hata betri ya pili sina, nina taa za kuchaji na pawabenki.

Friji ndiyo inayobadilisha hesabu. Friji ndogo ya volti 12 hunywa wati 40 hadi 50 ikiwa inavuta, na kwa siku nzima inaweza kumaliza wati-saa 400 hadi 500. Betri ile ile sasa inakupeleka siku moja na kidogo. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hurudisha karibu kiasi hicho, lakini Juni hadi Agosti huku kwetu wingu hukaa mlimani na mjini hadi mchana, na ndiyo miezi ya likizo. Shemeji ana paneli mbili na bado friji yake hulia. Mimi natumia deli la barafu na samaki wa siku hiyo hiyo.

Jambo moja la lazima ukiweka betri ya pili: iwepo rilei, swichi inayojiendesha yenyewe, ya kuzitenganisha, taa za nyuma zisije zikanyonya betri ya kuwashia. Hiace ya gia za mkono betri ikiisha, vijana watatu wanaisukuma, inawaka. Noah ni otomatiki, haisukumwi ikawaka. Utasubiri gari la kukubusti, na pale Chala magari si mengi.

Njia

Lami ya kaskazini inafika mbali: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu hadi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, gari lolote zima linafika. Baada ya lango ni changarawe, na kushuka kreta hairuhusiwi bila 4x4. Kwa hiyo kama ndoto yako ni kulala Seronera, katikati ya Serengeti, hakuna kati ya haya mawili la kukufaa katika hali yake ya kawaida. Nenda kalale kambi ya Karatu au Mto wa Mbu, ukodi gari la siku moja la kuingilia hifadhini.

Kwenye udongo mwekundu wa Marangu au Old Moshi baada ya mvua, Noah yangu inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiijaza mizigo nyuma na kuielekeza mlimani, mbele inakuwa nyepesi na tairi zinazunguka bure. Hiace inasukumwa na ya nyuma, na uzito wote wa kitanda uko juu yake, kwa hiyo mlima huohuo ikiwa na mzigo inapanda vizuri kuliko ikiwa tupu. Imeinuka zaidi pia. Kwa njia mbaya Hiace inashinda, sibishani.

Kwenye mafuta, kuegesha mjini, na kutulia kwenye mwendo wa safari ndefu, Noah inashinda. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na ukiendesha mchana kutoka Korogwe hadi Same utaijua ilipo kwa makalio.

Karatasi

Kadi ya gari inataja idadi ya viti na aina ya bodi. Ukivitoa viti kwa wikiendi na kuvirudisha, umebeba mizigo tu. Ukiving'oa moja kwa moja na kujenga, au ukikata paa, ulizia TRA kwanza na umwambie mwenye bima yako, hasa kama ni bima kubwa, maana siku ya ajali wao ndio watauliza maswali. Kama Hiace ina leseni ya abiria ya LATRA, kitanda na leseni hiyo haviendi pamoja. Na mtu asipande juu ya kitanda gari likitembea. Watoto watakuomba. Kataa.

Yale mengine

Alphard ni pana kwa sentimita kama 10 au zaidi kuliko Noah na viti vyake vyenyewe ni vitanda, ila iko chini na mafuta inakunywa. Coaster ni nyumba kamili na matatizo ya nyumba kamili. Suzuki Every inamfaa mtu mmoja mfupi. Na kama mnalala nje mara mbili kwa mwaka, hema zuri na magodoro ya kujaza upepo ndani ya buti la gari lolote litawafaa kuliko kila nilichoandika hapa.

Ukinibana nichague kwa niaba yako: una gari moja, lina watoto ndani yake katikati ya wiki, na usiku wenu wa nje hauzidi kumi kwa mwaka, chukua Noah na mbao tatu. Mko wawili, mna gari jingine la mjini, au kazi yako inakulaza njiani, mpiga picha, muuza mbegu, fundi wa minara ya simu, jenga Hiace, tumia plaiwudi nyepesi, na usiharakishe. Aliye katikati, mwenye Hiace moja inayotakiwa kufanya yote, ajenge nusu: kitanda nyuma, kiti cha watu watatu nyuma ya dereva, jiko kwenye sanduku.

Huko ndiko shemeji anakoelekea sasa. Amepata kiti chenye mikanda yake kwa mtu wa gereji moja Pasua, na wiki ijayo anataka kukifunga kwa bolti nne za kiwandani, pale lilipo kabati la jikoni. Kabati jipya hilo, la plaiwudi, zuri kweli, ameniuliza kama nalitaka. Nimelipima mara mbili. Kwenye mlango wa Noah halipiti.